Bandari na Mizani ya Ukarimu: Mogadishu, Mombasa na Kilwa katika Rihla ya Ibn Battuta

Rihla ya Ibn Battuta imetumiwa zaidi kama hati ya kihistoria kuliko kama kazi ya fasihi. Kurasa zake chache zinazohusu upwa wa Afrika Mashariki, alikopita mnamo 1331, hunukuliwa ili kuthibitisha jina la sultani au aina ya bidhaa, kisha hufungwa. Uhakiki huu unazisoma kurasa hizo kama usimulizi, na unadai kwamba ndani yake bandari ni mizani: kwayo msimulizi huwapima wenyeji kwa jinsi wanavyompokea mgeni.

Mogadishu imepewa nafasi kubwa. Chombo kinapotia nanga, vijana hukiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa, humpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hukaa kwa mwenyeji huyo, naye ndiye humuuzia na kumnunulia. Mauzo yanayofanyika bila mwenyeji kuwapo huhesabiwa kuwa batili. Huo ni ukarimu, na papo hapo ni udhibiti wa soko. Msimulizi anaieleza desturi hiyo kwa makini, ila yeye haimhusu: kwa kuwa ni msomi wa sheria, anatangazwa kuwa mgeni wa kadhi. Hapo mtazamo wake unafichuka. Bandari anaitazama kutoka barazani kwa wanachuoni, na vyakula anavyovitaja kwa hamu (wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu) vinatoka kwa sultani.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Anataja kisiwa kisicholima nafaka, misikiti ya mbao, visima milangoni mwake, na watu waendao pekupeku wanaoosha miguu kabla ya kuingia. Hakuna sultani wala zawadi, na pengine ndiyo sababu jicho lake liko huru zaidi hapa kuliko kwingine.

Kilwa ina utata. Rihla inasema nyumba zake ni za mbao, ilhali uchimbaji wa Neville Chittick umedhihirisha msikiti mkuu wa mawe uliotangulia ziara hiyo, pamoja na jumba la Husuni Kubwa linalohusishwa na sultani yuleyule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Mjadala wa iwapo msafiri alifika kweli hausaidii sana usomaji wa kifasihi. Habari hizi aliandikiwa na Ibn Juzayy huko Fez, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Kilichodumu katika kumbukumbu ni kisa, si kuta.

Kisa chenyewe kinamhusu fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa, akitoka katika sala ya Ijumaa. Sultani akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa za watu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi anashangilia. Hata hivyo, aya chache tu kabla ya hapo ameeleza kwamba sultani huyo huyo alizoea kuishambulia nchi ya Zanji, akitenga moja ya tano ya ngawira kwa ajili ya masharifu na wengineo waliostahili. Chanzo cha zawadi na zawadi yenyewe vimeandikwa bega kwa bega, bila sentensi ya kuviunganisha. Ukimya huo ndio udhaifu mkubwa wa kimaadili wa Rihla katika sehemu hii, na wahakiki wanaomsifu al-Hasan kwa jina lake la Baba wa Zawadi wameurithi bila kuuhoji.

Baada ya al-Hasan alitawala nduguye Daud, aliyewajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa. Wageni wakaacha kubisha mlangoni pake. Iwapo mashambulizi ya bara nayo yalikoma, matini haisemi.