Goti la Kushoto

Fundi alimtazama mjomba kabla ya kulitazama gari. Hilux Surf ilikuwa imeletwa kwa kamba nyuma ya Fuso la mpunga, kioo cha nyuma kimejaa vumbi jekundu la njia ya Kakola, na vijana wa gereji walishafungua boneti wakibishana. Yeye alibaki chini ya mwarobaini akiangalia mjomba anavyoshuka: mguu wa kulia ukitangulia, mkono umeshika mlango, kisha wa kushoto ukifuata kwa kuburutwa, kama mtu anayeshusha gunia.

"Goti hilo, bhabha, linakunjika?"

"Linakunjika likitaka."

Swali la pili alimwuliza dereva wa Fuso: propela mliifungua? Dereva akasema ndiyo, iko ndani ya gari. Hapo ndipo fundi mzee alipoinuka. Giaboksi ya oto ina pampu yake ya oili, na pampu hiyo huzungushwa na injini, si na magurudumu. Ukilivuta gari lililozima bila kufungua propela, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu, na kutoka Kahama hadi Shinyanga mjini ni mwendo wa kutosha kukifanya kitu kizima kiwe chuma chakavu. Dereva yule wa mpunga, ambaye sidhani kama alifika kidato chochote, alikuwa ameokoa fedha nyingi kwa spana moja na dakika 10 za kulala chini ya gari.

Injini yenyewe ilikuwa imekwisha, na kosa lilikuwa letu. Uso wa rejeta ulizibwa na vumbi na mbegu za nyasi, gari likaanza kuchemsha, na mjomba, akiwa na mzigo wa watu wa Geita, akaamua kwamba litapoa likiwa njiani. Silinda hedi ilipasuka. Ilikuwa 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo na pampu inayoamriwa na kompyuta. Kununua gari jingine kutoka Japani, pamoja na ushuru wa uchakavu, hakukuzungumzika. Ikatafutwa 5L ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam: nayo dizeli, nayo ya lita 3, lakini haina tabo wala kompyuta, na nguvu zake hazifiki farasi 100 wakati ile ya kwanza ilizidi 120. Mjomba aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Alitaka injini ambayo ikiharibika Nyarugusu, mtu wa Nyarugusu ataijua.

Kubadilisha injini huku kwetu si habari. Kuanzia Shinyanga mpaka Katoro utayakuta magari yenye damu mbili na tatu, na michomoko inayobeba abiria kumi mahali pa saba ikiwa na moyo wa gari jingine kabisa. Kazi ngumu inaanza pale injini mpya inapokutana na giaboksi ya zamani, na pengine ndiyo maana kazi hiyo haina sifa: injini husikika, giaboksi hukaa kimya ikiwa imefanywa vizuri.

Vijana walikuwa na jibu moja. Weka manyuali. Na hoja zao, lazima nikiri, zilinishika. Gari la manyuali likikataa kuwaka asubuhi, watu wanne wanalisukuma linawaka. La oto utalisukuma hadi Tinde. Klachi inajulikana kila kijiji. Oto, wakasema, ni gari la mama anayekwenda sokoni, siyo la mlima wa Geita. Nikasema nami naona hivyo. Mzee akanigeukia. "Mwalimu, wewe utakuwa unakanyaga klachi kwa niaba yake?"

Goti lile lilivunjikia Mgusu, kwenye machimbo, wakati mjomba ni kijana, alipokanyaga timba lililooza akashuka duarani haraka kuliko alivyokusudia. Kutoka Kahama hadi Geita, penye mashimo, ng'ombe na malori, mguu wa kushoto ungekanyaga klachi mara mamia. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliwaza hilo. Tulikuwa tumezungumza nusu saa nzima juu ya nguvu za chuma.

Na hata hoja ya nguvu haikuwa ya kweli. Malori ya Caterpillar yanayobeba mawe kwenye migodi mikubwa ya wazi, aina ya 777 na 785, hayana kanyagio la klachi. Yana toki kanveta na gia zinazojibadilisha zenyewe, na 785 hupanda kutoka shimoni na mzigo unaozidi tani 130. Kijana wa Geita anaweza kuyaona na macho yake, kisha akarudi gereji akasema oto haivuti.

Basi ikawa oto. Lakini oto ipi?

Iliyokuwamo ilikuwa A340F. Herufi na namba za giaboksi za Toyota zinasomeka kama jina la mtu na ukoo wake: familia ya A340 ilitengenezwa na Aisin-Warner, kampuni iliyoanzishwa 1969 kwa ubia wa Wajapani na Wamarekani, na herufi ya mwisho inataja umbo la mkia. E ni ya magurudumu mawili. F ina gia ndogo ya kuvuta kwa manne, yenye mkono wake. H pia ni ya manne, ila gia ndogo yake inaamriwa kwa mgandamizo wa oili. Hii yetu ina gia nne, ya kwanza ikizidisha nguvu mara 2.804, ya nne ikiwa 0.705, yaani propela inazunguka kasi kuliko injini. Ni giaboksi imara. Tatizo lake ni kwamba inasubiri kuambiwa. Solinoidi mbili hufungua na kufunga njia za oili ili kuchagua gia, ya tatu huifunga kanveta isiteleze kwenye mwendo mrefu, na zote hupokea amri kutoka kwenye kontroli boksi, ambayo nayo inataka kujua mambo mawili: gari linakwenda kasi gani, na dereva amekanyaga kiasi gani. 5L ina pampu ya chuma na kebo. Haina la kusema.

Mafundi wengi hulitatua tatizo hilo kwa kutafuta oto ya kizamani zaidi, isiyotaka umeme wa kuchagua gia. Ndani yake kuna gavana, kifaa kinachozunguka na shafti ya nyuma na kupandisha mgandamizo wa oili kadiri mwendo unavyoongezeka. Upande wa pili kuna kebo inayotoka kwenye kanyagio la mafuta, nayo ina mgandamizo wake. Migandamizo hiyo miwili inasukumana kwenye valvu, na gavana akishinda, gia inapanda. Hakuna hata waya mmoja kwenye uamuzi huo. Nilipoelezwa nilibaki mdomo wazi: ni kompyuta iliyotengenezwa kwa oili na springi. Lakini ina mtego. Gavana wa gari la petroli amepimwa kwa injini inayofika mizunguko 5,000 na zaidi kabla ya kubadili. Ukimfunga kwenye dizeli inayoishia karibu 4,000, dereva atakanyaga mpaka chini na gari litalia ndani ya gia ya kwanza bila kupanda, likisubiri mwendo ambao hautafika. Mzee alisema ameletewa magari mengi ya namna hiyo na wenyewe wakidhani giaboksi ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii.

Mkia ndio uliomzuia kwenda njia hiyo. Oto ya van ya dizeli ingepatikana kirahisi, lakini ya magurudumu mawili, na mjomba masika hupita kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hata ng'ombe anafikiri mara mbili. Gia ndogo ilitakiwa. Kwa hiyo akabaki na A340F, mkia wake, propela zake na mautingi zake, akabadilisha uso na akili tu. Kengele ya mbele ya familia hiyo inafunguka kwa bolti, haikuyeyushwa pamoja na mwili. Akatafuta ya injini za L, na kanveta yake ya dizeli. Akafunga kontroli boksi ya giaboksi peke yake, mojawapo ya zile zilizowahi kutengenezwa kwa dizeli zisizo na kompyuta ya injini, na ubavuni mwa pampu, kwenye mkono unaovutwa na kebo, akaweka sensa ya kusoma kiasi cha mkanyago. Kuipanga sensa ile kulimchukua siku nzima na mita ya umeme. Alikuwa anaigeuza kwa upana wa ukucha, anasoma, anatikisa kichwa.

Kuhusu kanveta hakutaka mzaha. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyeipatia hati ya ubunifu mwaka 1905, na alikuwa anafikiria meli: namna ya kupeleka nguvu ya tabini kwenye panga la majini bila kuvunja meno ya gia. Injini inazungusha panga moja ndani ya oili, oili inasukuma panga la pili linalokwenda kwenye gia, na katikati kuna panga dogo linalorudisha oili kwa pembe nzuri, hivyo gari linapoanza kuondoka nguvu huongezeka karibu mara mbili. Ila mapanga hayo yamekunjwa kwa injini fulani. Kanveta iliyozoea petroli huanza kushika kwenye mizunguko ambayo dizeli imeshamaliza sehemu kubwa ya nguvu zake. Gari litaondoka, lakini kwa kuteleza, na kuteleza kote huko kunageuka joto.

Joto ndilo linaloua oto huku kwetu kuliko uzee. Oili yake nyekundu, ambayo madukani tunaiita haidroliki, hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Mtu anapofunga rejeta ya manyuali kwa sababu ni rahisi, amefunga jeneza. Na tangi hilo likitoboka kwa ndani, maji na oili hukutana; ukifungua kifuniko unaona rangi ya mtindi uliotiwa ubuyu. Mzee akaongeza rejeta ndogo ya pili mbele, penye upepo, na wavu wa kuzuia mbegu za nyasi. Oili hii nayo ina historia ya ajabu: mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikitiwa mafuta ya nyangumi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilichofanya sahani za klachi zishikane kwa upole kama hayo, na Marekani ilipoyazuia, watengenezaji walihangaika kupata mbadala. Nilimsimulia mzee. Akauliza nyangumi ni mkubwa kiasi gani, kisha akaendelea kufuta kijiti cha oili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Siku ya kujaribu hakwenda barabarani kwanza. Alikanyaga breki, akaweka D, akakanyaga mafuta mpaka chini kwa sekunde chache tu, akasikiliza injini inaishia wapi. Mshale wa mizunguko ulikuwa umekufa, maana injini mpya haikuwa na waya wa kuulisha. Alipima kwa sikio. Akaachia, akasubiri ipoe, akarudia mara moja. Hakutabasamu, ila alizima redio ya kijana wa jirani na kumwambia mjomba apande.

"Wabeja, fundi," mjomba akasema.

"Bado. Mlimani zima kile kitufe cha O/D. Injini hii haina mapafu ya ile, usiiache ikipapatika kati ya tatu na nne."

Tuliondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Gari lilikuwa zito kuliko zamani, na kwenye miinuko baada ya Kakola Noah ya abiria ilitupita ikipiga honi. Mjomba hakujali. Gia zilipanda na kushuka bila kututingisha, na kwenye mteremko aliweka 2 mwenyewe, bila kukumbushwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa kabisa. Alishavua katambuga yake tangu Tinde. Tulipofika Geita alishuka, akapiga hatua mbili kwenye kokoto, akarudi kuitafuta chini ya kiti.