Shaaban Robert: baba aliyeacha hati isiyo ya shamba



Hapa kwetu Bukavu, mtu akikufa, kwenye matanga tunasomewa maisha yake: alisoma fasi gani, alipata vyeo gani, ameacha watoto wangapi. Watu wakisha kurudi kwao, mara nyingi inabaki swali moja tu: parsele ni ya nani? Sisi wa agronomi tunalijua hilo vizuri. Kule Walungu na Kabare, mashamba yanagawanywa kati ya ndugu mpaka mtu anabaki na mistari kidogo tu ya mihogo. Njo maana leo nataka tumuongelee baba mmoja aliyefikiria urithi kwa njia ingine.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwezi wa sita 1962, akiwa na miaka 53. Vitabu vinamwita baba wa fasihi ya Kiswahili. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inamfanya kama sanamu ya mjini, na inatusahaulisha kwamba baadhi ya kazi zake zenye nguvu aliwaandikia watu wa nyumba yake, kwa majina yao.

Angalieni. Mtoto wake Suleiman alimtungia Utenzi wa Adili. Binti yake Mwanjaa akamtungia Utenzi wa Hati. Bibi yake Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi lenye jina lake. Na mdogo wake Yusuf Ulenge alimwandikia barua kwa miaka mingi: zile zilizokusanywa na kuchapishwa Dar es Salaam 2002 ni za kuanzia 1931 mpaka 1958. Ile ni miaka 27 ya kaka kumwandikia mdogo wake. Sisi wenye simu mkononi, ni wangapi tumefanya hivyo hata mwaka mmoja?

Tena hakuwa na lisansi. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 mpaka 1926, kisha akawa karani wa forodha mpaka 1944. Baadaye alipita kwenye idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, na mwishoni ofisi ya kupima ardhi. Mtu anakaa katikati ya ramani na vipimo vya ardhi, lakini hati anayomwachia binti yake si ya shamba, ni ya maneno. Mimi naona jina la utenzi ule lina maana kubwa: hati ni karatasi ya kuonyesha kwamba kitu ni chako. Na maneno ya mzazi hakuna ndugu wa kuyapimia mipaka.

Lakini kumpenda mwandishi si kumfungia macho. Ukisoma tenzi zile mbili pamoja, unaona tofauti. Mvulana anatayarishwa kwa dunia: kazi, mtawala, watu. Binti anaambiwa sana mambo ya nyumba na bwana. Mtu anaweza kumtetea kwamba alifuata njia ya zamani, juu Mwana Kupona wa pwani ya Kenya alikuwa amemtungia binti yake utenzi wa namna hiyo mwaka wa 1858 hivi. Ni kweli. Ila Mwana Kupona alikuwa mama mgonjwa aliyemfundisha binti namna ya kuishi katika dunia aliyoijua yeye. Shaaban Robert alikuwa ameshaona dunia inabadilika.

Na ushahidi kwamba aliiona ni yeye mwenyewe aliyeutoa. Mwaka wa 1958 ilichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji wa Zanzibar. Siti alizaliwa Fumba katika familia maskini, akauza vyungu, akahamia mjini, akaimba mbele ya watu, akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert anamsimulia kwa heshima kubwa. Sasa jiulizeni: huyo mwanamke angefuata mashauri ya Hati yote, angeondoka Fumba?

Kwangu mimi, hapo njo penye utamu wa kumsoma. Katika Hati anaongea baba, na baba anaogopa: anataka mtoto asiumie. Katika Siti anaongea mwandishi, na mwandishi ameshaona kwamba mtoto wa kike anaweza kwenda mbali kuliko woga wa wazazi wake. Wote wawili ni mtu mmoja. Wanaomsifu kama baba mwema tu wanapoteza nusu, na wanaomhukumu kwa Hati peke yake wanapoteza nusu ingine.

Wandugu, vita imetutawanya. Mmoja iko Bujumbura, mwingine Kampala, mwingine Kinshasa. Wazazi wetu wanatushauri kwa sauti za simu, na simu ikiibiwa, ushauri umekwenda nayo. Karani wa forodha alituonyesha kwamba karatasi na jina la mtoto vinatosha kuanza. Tusingoje kwanza kuwa na parsele. Na tukiwaandikia mabinti zetu, tuwaandikie tukikumbuka Siti.

Wewe ungeanza na nani nyumbani kwenu, na ungemwambia nini?