Ufundi wa Kuizima Sauti

Osileta ya sinthesaiza ikishawashwa haijui kunyamaza. Umeme ukiwepo inalia, na italia hivyo hivyo usiku kucha, kwa ukubwa uleule, bila kupumua. Wengi wanaoanza kujenga sinthesaiza ya moduli humaliza pesa kwenye osileta na vichujio, maana ndivyo vinavyosifiwa, kisha hujikuta wana mlio mmoja wa gharama kubwa. Kinachougeuza mlio huo kuwa nota, kitu chenye mwanzo na mwisho, ni moduli mbili ambazo zenyewe hazitoi sauti yoyote: amplifaya inayoongozwa kwa volteji, ambayo wenyewe huiita VCA, na ndugu yake anayeitwa geti la lopasi.

Anayezichagua kwa kutazama bei na upana wa bamba peke yake amekosa jambo lenyewe. Anachochagua ni namna sauti zake zitakavyokufa, na sehemu kubwa ya ladha ya ala imejificha humo.

Tuanze na VCA. Kazi yake ni ile ya mkono uliokaa kwenye nobu ya sauti: kuongeza na kupunguza. Tofauti ni kwamba mkono umeondoka na volteji imeshika zamu. Volteji ikiwa sifuri, kimya; ikipanda, sauti inafunguka; kwenye moduli nyingi, ikifika volti 5, sauti inatoka kama ilivyoingia. Robert Moog alipoanza kuunda sinthesaiza yake mwaka 1964, akisaidiana na mtunzi Herbert Deutsch, wazo hili la kuacha volteji iongoze volteji nyingine ndilo lililobeba kila kitu. Amplifaya yake, Moog 902, ilikuwa na swichi ya kuchagua tabia mbili, ya mstari na ya kipeo. Dieter Doepfer wa Ujerumani alipoleta mfumo wake wa A-100 katikati ya miaka ya 1990, mfumo uliozaa umbo la Eurorack linalotumika sasa dunia nzima, tabia hizo alizitenga katika moduli mbili: A-130 ya mstari na A-131 ya kipeo. Mnunuzi bado anakutana na swali hilohilo.

Katika VCA ya mstari, volteji ikipungua nusu, ukubwa wa wimbi nao unapungua nusu. Katika ya kipeo, kila hatua sawa ya volteji inaondoa desibeli zilezile. Sikio letu hupima sauti kwa uwiano, kwa hiyo ya kipeo ndiyo inayosikika ikishuka sawasawa. Ukiipa VCA ya mstari volteji inayoshuka kwa mstari ulionyooka, sauti itang'ang'ania juu muda mrefu, kisha itaporomoka ghafla mwishoni. Ndiyo maana ushauri wa miaka mingi umekuwa mfupi: kipeo kwa sauti, mstari kwa volteji za kuongozea.

Ushauri huo una kasoro. Envelopu, yaani moduli inayotoa volteji ya kupanda na kushuka kwa kila nota, mara nyingi hufanya kazi kwa kuacha kapasita itoe chaji yake kupitia rezista. Kapasita inayotoa chaji haishuki kwa mstari. Huanza kwa kasi, kisha hupunguza mwendo kadiri inavyokaribia mwisho. Volteji hiyo tayari imeshapinda kama sikio linavyotaka. Ukiipeleka kwenye VCA ya mstari, nota inakufa kiasili. Ukiipeleka kwenye ya kipeo, mkunjo unaongezwa juu ya mkunjo, na nota inatoka fupi na kavu, nzuri kwa midundo na mbaya kwa wimbo wa taratibu. Kwa hiyo huwezi kuchagua VCA bila kujua itaishi na envelopu gani.

Mafundi wa siku hizi wamelijibu swali hilo kwa nobu ndogo. Veils, moduli iliyobuniwa na Émilie Gillet wa Mutable Instruments huko Ufaransa, ina VCA nne, na kila moja ina kidude chake cha kusogeza tabia kutoka kipeo hadi mstari, na popote katikati. Quad VCA ya Intellijel, ya Kanada, imefuata njia hiyohiyo. Kidude hicho hakivutii macho, na wengi hukiweka mahali pamoja siku ya kwanza na hawakigusi tena. Lakini kigeuze polepole huku nota moja ikirudiwa: mwanzo wa nota haubadiliki, wala kimo chake, ila mkia unarefuka na kujaa, au unakatika. Mtu asiyejua kilichoguswa ataapa kwamba umebadilisha osileta.

Jambo la pili la kuuliza dukani ni kama VCA inapitisha volteji isiyobadilika. Nyingine zina kapasita njiani inayoizuia, na hizo zinafaa kwa sauti tu. Inayopitisha inaweza kuongoza maongozi yenyewe. Chukua mtikisiko wa polepole unaotakiwa kutetemesha kimo cha nota. Upitishe kwanza kwenye VCA, na VCA hiyo uifungue kwa envelopu inayopanda pole. Sasa nota inaanza imenyooka, kisha inaanza kutetemeka kadiri inavyoshikiliwa, kama afanyavyo mwimbaji aliyekomaa. Kwa sababu ya matumizi ya namna hii, wenye sinthesaiza wanakubaliana kwamba VCA hazitoshi kamwe. Kila uhusiano kati ya moduli mbili unaotaka kupanda na kushuka unadai VCA yake.

Ubora wa fundi unapimwa wakati moduli inapotakiwa kunyamaza. Ingiza sauti, funga VCA kabisa, kisha pandisha spika. VCA iliyotengenezwa vizuri haitavujisha kitu ambacho sikio linaweza kukitambua kuwa ni nota. Halafu ondoa sauti, acha tundu la kuingizia likiwa tupu, na uipige kwa envelopu kali ya haraka. Ukisikia "tap, tap" kila inapofunguka, volteji ya kuongozea inapenya kwenye njia ya sauti. Ndani ya moduli nyingi kuna rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi inayotuliza mpenyo huo, na fundi mwangalifu huirekebisha moja baada ya nyingine kabla ya kufunga boksi. Hiyo ni kazi isiyoonekana kwenye picha ya tangazo.

Geti la lopasi, yaani linalopitisha masafa ya chini, lina asili nyingine. Don Buchla wa Berkeley, California, aliombwa na watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender wa San Francisco Tape Music Center awaundie ala, na katikati ya miaka ya 1960 akawaletea mashine isiyo na kinanda cha piano, bali vibao vya kuguswa kwa vidole. Hakutaka umeme uige piano. Katika mfumo wake wa 200, ulioanza mwaka 1970, aliweka moduli namba 292, mageti manne ya lopasi katika bamba moja. Kila geti lilikuwa na njia tatu: kupunguza ukubwa wa sauti tu, kuchuja masafa ya juu tu, au kufanya yote mawili kwa pamoja. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyolipa geti jina lake.

Piga ngoma kwa kiganja na usikilize inavyokufa. Ukali wa ngozi unapotea kwanza, kisha unabaki uvumo wa chini unaofifia. Mitetemo ya juu hupoteza nguvu upesi kuliko ya chini, na hivyo ndivyo zinavyokwisha sauti nyingi za vitu vinavyopigwa au kudonolewa. VCA haifanyi hivyo. Inashusha masafa yote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hata nota inapokaribia kwisha bado inang'aa vilevile, ila kwa mbali. Geti la lopasi linaanza na masafa ya juu. Nota inapungua huku ikipoteza makali, na sikio linaamini kuna kitu kilichogongwa.

Siri iko kwenye vaktroli, kijiboksi cheusi chenye miguu ya waya, kilichozibwa mwanga wa nje usiingie. Ndani yake taa ya LED inatazamana na rezista inayohisi mwanga, iliyotengenezwa kwa kadmiamu salfaidi. Waya hauunganishi hivyo viwili. Kinachopita kati yao ni mwanga peke yake. Si uvumbuzi wa Buchla. Miaka ya 1960 kampuni ya Fender nayo ilitumia taa ya neoni na rezista ya mwanga kutikisa sauti ya gitaa ndani ya amplifaya zake. Ila Buchla aliona thamani katika udhaifu wake.

Udhaifu wenyewe ni uzito wa kurudi. LED ikimulika, rezista inaitikia ndani ya milisekunde chache. LED ikizimika, rezista haisahau upesi: inaanza kurudi gizani kwa kasi, kisha inajivuta, na mkia unaweza kuendelea kwa sehemu ya sekunde ambayo sikio linaihisi vizuri. Kwa kipimo cha mhandisi anayetaka swichi, hiyo ni kasoro. Kwa mpiga ala, ni envelopu ya bure. Lipe geti mpigo mfupi wa volteji, bila envelopu yoyote, na utapata mdundo mzima wa mbao au ngozi, wenye mkia wake. Lipe mipigo ya haraka, na wa pili utalikuta geti halijafunga bado, kwa hiyo unatoka umejaa kuliko wa kwanza. Hakuna aliyeandika mabadiliko hayo kwenye programu. Yamo ndani ya kemia ya ile rezista.

Kuchagua geti kwa hiyo ni kuchagua tabia, na tabia hizo hazifanani hata ndani ya chapa moja. Vaktroli mbili za namba ileile huweza kutofautiana kwa urefu wa mkia, ndiyo maana watengenezaji waangalifu huzipima na kuzipanga kwa jozi. A-101-2 ya Doepfer ina zile njia tatu pamoja na uwezo wa kuongeza mvumo kwenye kichujio, hivyo inafaa kwa anayetaka geti na kichujio kwa pesa moja. Optomix ya Make Noise, ya Asheville, North Carolina, ina mageti mawili, na kila moja lina tundu la kupigia linalopokea mpigo na nobu ya kukaba mkia. Hiyo ni kwa anayepiga midundo. Kadmiamu ni sumu, na sheria za Ulaya zinabana matumizi yake, hivyo wengine wameiga vaktroli kwa njia nyingine. Plaits, osileta ya Gillet, ina geti la namna hiyo ndani yake kwa hesabu za dijitali. Mwigo huo ni safi na hauchoki, ila pale mipigo inapobanana, vaktroli halisi bado ina ukaidi unaonipendeza zaidi.

Asiye na pesa ya moduli hana haja ya kusubiri. Programu ya VCV Rack, aliyoitoa Andrew Belt mwaka 2017, inapatikana bure na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Ndani yake unaweza kuweka osileta moja, VCA na geti, ukapiga nota ileile kupitia kila kimoja, mpaka sikio litofautishe mikia bila kuangalia kioo. Siku ya kununua ikifika, ningeanza na VCA nne katika bamba moja, zinazopitisha volteji isiyobadilika na zenye nobu ya mkunjo, kisha geti moja la vaktroli lenye tundu la kupigia. Pesa ya osileta ya pili ingoje. Osileta moja inayojua kufa kwa njia tano inatosha kutunga muziki wa mwaka mzima.