Ngwe Isiyogawika

Frederick Brooks alisimamia utungaji wa programu kubwa ya kampuni ya IBM iliyoitwa OS/360. Kazi ile ilichelewa, na mwaka 1975 akatoa kitabu, The Mythical Man-Month, kueleza sababu. Hoja yake mashuhuri ni kwamba kuongeza watu katika programu iliyokwisha chelewa ni kuizidishia kuchelewa.

Mkulima wa Dodoma yamkini atacheka. Palizi ya uwele ikimshinda, hupika pombe, akaita majirani; kila mmoja hushika ngwe yake, na kazi huisha upesi. Lakini programu haina ngwe ya peke yake: neno la mtunzi mmoja hugusa maneno ya wenziwe. Watu 3 wana njia 3 za kuelewana. Watu 10 wana 45. Tena mgeni hufundishwa na yule yule aliyeelemewa.

Uzuri wa kitabu ni kuwa mwandishi hakuficha makosa yake mwenyewe. Upungufu wake ni kusema zaidi na wenye amri. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma hapangi siku ya mwisho; hupangiwa. Akichelewa huitwa mvivu, huletewa wasaidizi asiowaomba, kisha huitwa mkutanoni kila asubuhi aeleze kwa nini hatungi. Kwake yeye kitabu hiki si dawa, ni ushahidi. Hata hivyo ushahidi una thamani yake: alaumiwaye bure ajue kuwa kosa limo katika hesabu, wala si katika mikono yake.