Kabla ya kusema kifafa ni sugu

Nikiwa likizo Miono, kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinionyesha daftari lake la kliniki. Juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu: sugu. Nikamuuliza anameza nini. "Fenobabitoni," akasema, "ikiwepo."

Hilo "ikiwepo" ndilo limenirudisha kwenye utafiti ambao wengi wetu tunautaja bila kuusoma. Mwaka 1992 Louise Jilek-Aall na Henry Rwiza walichapisha ufuatiliaji wa miaka 30 wa watu 164 wenye kifafa, waliotibiwa kwenye kliniki ya Mahenge, Ulanga. Miaka 30, kijijini! Hata nchi tajiri tafiti za namna hiyo ni chache.

Matokeo yake yanavuta huku na huku. Kwa dawa za bei rahisi, hasa fenobabitoni, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka. Lakini miaka 30 baadaye karibu theluthi mbili walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kuzama majini, kuungua motoni.

Sasa shida yangu. Wale ambao dawa haikuwatuliza tunawasoma kama fungu moja, wakati ndani yake wanaweza kuwepo watu wa aina mbili: aliyemeza kila siku akaendelea kuanguka, na aliyekosa dawa. Takwimu ya jumla haiwatenganishi. Tena hao ni watu waliofika kliniki moja. Aliyefichwa nyumbani hayumo.

Linganisha na Glasgow. Mwaka 2000 Patrick Kwan na Martin Brodie waliripoti wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa: dawa ya kwanza ilituliza 47%, ya pili 13% wengine, na baada ya hapo waliopata nafuu ni wachache mno. Hapo ndipo wazo la usugu linapata nguvu, na mwaka 2010 Ligi ya Kimataifa Dhidi ya Kifafa ikaweka kigezo: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikatumika ipasavyo, zote zikashindwa. Soma tena hapo kwenye "zikatumika ipasavyo".

Usinielewe vibaya. Kifafa sugu kipo, na mwenye nacho anahitaji kupelekwa kwa bingwa, siyo kuambiwa kila mara "hunywi dawa vizuri". Ila kumwita mtu sugu kwa dawa moja inayokuja na kupotea ni kumfungia mlango wa dawa ya pili. Na fenobabitoni ikikatika ghafla, kukatika kwenyewe kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka. Ukiwa nje unaona dawa imeshindwa, kumbe haikuwepo.

Nililifungua tena lile daftari, ukurasa kwa ukurasa. Ndani ya mwaka mmoja kuna miezi mitano haina mhuri wa kuchukua dawa. Dawa ya pili haijaandikwa popote.