Kitereza na Sisi wa Lufingo

Wasomaji wenzangu, siku hizi kijana akiandika hadithi, kijiji chake hakina lugha. Babu wa Rungwe anaongea kama kondakta wa Kariakoo, eti ndiyo Kiswahili cha taifa. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Mzee huyu alimaliza riwaya yake mwaka 1945, kwa Kikerewe. Wachapaji hawakuitaka: lugha ya watu wachache, nani atanunua? Ikabidi aitafsiri mwenyewe. "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka" ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee akafariki. Miaka 35, jamani!

Siyo yeye tu. José Rizal, Mtagalogi wa Ufilipino, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1887 kwa Kihispania, lugha ya watawala. Wenzake wakaja kumsoma kwa tafsiri za watu wengine. Kitereza afadhali, alijitafsiri kwa mkono wake.

Kisa chake ni chepesi. Mke na mume hawana mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Wapo wanaosema kitabu kinachosha, maana kila kazi inaelezwa hatua kwa hatua. Kweli, kuna kurasa zinakokota miguu. Lakini pombe ikichukua siku zake, msomaji naye anangoja na Myombekere, anaonja upweke wa nyumba isiyo na mke. Mwandishi mwenye haraka asingetupa hilo.

Kwetu tunalo neno ukwangala: kukaa na wenzio, mkala, mkanywa, mkapeana akili. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alilifanya nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1951. Mgeni kaliona! Sisi tunaandika "kupiga stori", basi. Lakini stori unapiga hata na usiyemjua kituoni. Ukwangala ni wajibu, na anayejitenga anatazamwa vibaya. Hapo pana riwaya nzima.

Simwambii mtu aache Kiswahili. Bila Kiswahili nisingemsoma Kitereza. Nasema hivi: neno la mama likikosa mwenzake mjini, liache lisimame, hadithi yenyewe italieleza. Mhariri akilikata, lirudishe, bishana naye. Kitereza alishangoja kwa niaba yetu.