Bosi Naye Apokee

Siku hizi semina za uongozi zimeingiliwa na michezo ya jukwaani. Mameneja hufundishwa kubuni papo kwa papo, na wimbo ni ule ule: mwenzako akitoa wazo, lipokee, kisha ongezea. Wazo hilo limo katika Impro (1979), kitabu cha Keith Johnstone, Mwingereza aliyefundisha waigizaji Royal Court Theatre, London. Lakini walimu wa semina wamenyofoa nusu tu.

Kabla ya sura ya kupokea na kukataa mawazo, Johnstone anaweka sura ya hadhi. Kwake hadhi si cheo, ni kitendo. Anayesema bila kutikisa kichwa anajipandisha. Anayejishikashika uso anajishusha. Mtumishi anaweza kumpanda bwana wake, na hapo kicheko huzaliwa.

Ukiiruka sura hiyo, kinabaki nini? Karani anaambiwa "pokea!" na mtu anayeweza kumfukuza kazi. Hiyo sio sanaa, ni amri iliyovishwa nguo za mchezo. Jukwaani kupokea ni kwa wawili: nikilibeba wazo lako, nawe ulibebe langu.

Na huko "kuwepo" wanakokuhubiri sio kukaza macho na kukoroma sauti nzito. Ni kukubali kubadilishwa na ulichosikia. Mtambaji wetu wa hadithi analijua hilo: asipoitikiwa, hana hadithi. Basi bosi ambaye hajawahi kubadili neno lake kikaoni, huyo hajacheza bado. Anahutubia tu.